Mtoto akiisha kuwa mzito: namna ya kuchagua mbeleko njema

Wazazi wapenzi, juu ya kumbeba mtoto mchanga hatukosi mashauri. Bibi mzaa mama hutoa lake, shangazi hutoa lake, na mkunga hutoa lake. Lakini mtoto akiisha kuota meno, akatambaa, akasimama, mashauri hukoma ghafula. Watu hudhani kwamba kazi imekwisha. Kumbe ndipo uzito unapoanza!

Tuhesabu kidogo. Mtoto mwenye afya wa mwaka mmoja ana kilo 9 au kupita kidogo. Wa miaka miwili ana kilo 12 hivi. Wa miaka mitatu ana kilo 14. Maji ya bidoni ya lita 20 ni kilo 20. Basi mtoto wa miaka miwili ni zaidi ya nusu ya bidoni. Tena ni bidoni isiyotulia, bali hujigeuza, hupiga teke, husinzia na kulegea upande mmoja. Wahenga walisema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nasi twaweza kuongeza kwamba uzito wake aujuaye ni mgongo.

Ndiyo maana juma hili twataka kusema nanyi juu ya mbeleko ya mtoto aliyekwisha kukua, yaani tangu miezi tisa au kumi hata miaka mitatu. Twawaandikia akina mama, maana ndio wanaobeba zaidi. Twawaandikia na akina baba, na wanafunzi pia, hasa wasichana. Nao wataona sababu yake hapo mbele.

JE, BADO YAFAA KUMBEBA?

Wengine husema: « Ana miguu, na atembee. » Neno hili lina ukweli, lakini si ukweli wote. Nyumbani na uani mtoto ashushwe chini. Miguu hupata nguvu kwa kutembea, na mtoto anayefungwa mgongoni mchana kutwa amenyimwa kazi yake, kwa kuwa kazi ya mtoto ni kucheza. Lakini njia ya soko si ua. Hatua moja ya mama ni hatua mbili tatu za mtoto. Baada ya kitambo huchoka, hulia, hukaa katikati ya njia, na hapo hapo pikipiki na magari hupita. Tena kuna siku za homa, kuna mvua na matope, kuna giza la jioni. Siku hizo mgongo bado ni mahali pake.

Iko na sababu nyingine iliyo kubwa zaidi. Mara nyingi mtoto huyu hushushwa, si kwa kuwa amekuwa tayari, bali kwa kuwa mdogo wake amezaliwa. Mwaka 1935 mganga mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliwajulisha waganga wa dunia jina la ugonjwa ambalo watu wa kabila la Ga walilitumia: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake, mdogo wake anapozaliwa. Hapa kwetu Kivu watu huuita bwaki. Ugonjwa huu hushikana na chakula kisichotosha na kisichojenga mwili, wala mbeleko si dawa yake. Lakini jina lenyewe latufundisha jambo: mtoto huyu aliyekua kidogo ndiye anayesahauliwa kwa urahisi.

Basi yule ambebaye mara kwa mara humjua. Mgongo ni mizani. Humwambia mama kwamba mtoto amekuwa mwepesi kuliko mwezi uliopita. Na anapomfunga huiona miguu yake. Ikiwa imevimba, na kidole kikiibonyeza huacha shimo, mama asingoje kesho. Ampeleke dispensari siku ile ile, hata kama uzito wake haukupungua, kwa kuwa maji ya uvimbe huweza kuficha kukonda.

ALAMA TATU ZA MBELEKO NJEMA

Mbeleko ni nyingi: za nguo, za ngozi, za kushonwa, za bei ndogo na za bei kubwa. Lakini alama za mbeleko iliyo njema kwa mtoto mzito ni tatu tu, na mtu aliyezishika hadanganywi na rangi wala na maneno ya mchuuzi.

Alama ya kwanza: mbeleko njema humkalisha mtoto, haimning'inizi. Nguo ipite chini ya makalio na kuyashika mapaja, toka nyuma ya goti hili hata nyuma ya goti lile. Magoti yawe juu kidogo kuliko makalio, kama chura akaavyo. Mbeleko nyembamba, ipitayo katikati ya miguu tu, humwacha mtoto mkubwa akining'inia kama shati juu ya kamba. Uzito wote humlemea mahali pamoja, mapaja humwuma, miguu hufa ganzi. Mtoto hulia, na mama hudhani ni ukaidi.

Katika jambo hili wazee wetu hawakukosa akili. Kuna kilema cha nyonga ambacho kwacho kichwa cha mfupa wa paja hakikai vema katika tundu lake. Huonekana zaidi mahali ambapo watoto wachanga huviringishwa katika nguo, miguu ikiwa imenyoshwa na kubanwa pamoja. Mwaka 2015 waganga waliopitia daftari za miaka kumi za hospitali moja ya mifupa mjini Blantyre, katika nchi ya Malawi, waliandika kwamba kati ya watoto zaidi ya 40,000 hawakumkuta hata mmoja aliyepasuliwa kwa ajili ya kilema hicho. Waliona kwamba huenda sababu mojawapo ni desturi ya akina mama wa huko ya kuwabeba watoto mgongoni, miguu ikikumbatia kiuno cha mama. Faida hiyo ni ya miezi ya kwanza hasa. Lakini kikao kile kile ndicho kinachompumzisha na mtoto mkubwa.

Alama ya pili: uzito ukae kiunoni mwa mbebaji, si shingoni wala mabegani. Mifupa ya nyonga ni minene, nayo imeungana na miguu inayobeba mwili wote. Mabega hayakuumbwa hivyo. Nguo ipitayo bega moja tu yafaa kwa mtoto mdogo na kwa njia fupi. Kwa kilo 12 huvuta mwili upande mmoja, na jioni mama hawezi kuinua mkono hata kuchana nywele zake.

Alama ya tatu: mtoto ashikwe juu, tena karibu sana na mwili. Kila mtu aliyebeba gunia ajua kwamba mzigo ulioshikana na mgongo huwa mwepesi, na ule uliolegea huvuta nyuma. Mtoto akiteremka chini ya kiuno, mama hulazimika kuinama mbele ili asianguke, na hapo maumivu ya mgongo huanza. Kichwa cha mtoto kifike karibu na bega la mama, apate kuona njia. Pua na mdomo viwe wazi daima, hata akilala.

KIKWEMBE CHETU

Jirani zetu wa Rwanda na Burundi walibeba watoto wao tangu zamani kwa ngozi iliyolainishwa, ambayo Wanyarwanda huiita ingobyi. Watu wa pwani hutumia kanga. Kwetu Kongo mbeleko ya kwanza ni kikwembe, wala hatuoni aibu kukisifu. Hupatikana kila soko, hufuliwa upesi, hukubali mwili wa kila mtu, mwembamba kwa mnene, na safari ikiisha huwa shuka, huwa mwavuli wa jua, huwa mkeka wa kumlaza mtoto. Hata hivyo si kila kikwembe kinafaa kwa mtoto mzito. Angalieni mambo manne.

1. Kiwe cha pamba. Kile king'aacho kwa nyuzi zisizo za pamba huteleza, fundo lake hulegea, tena hakinywi jasho.

2. Kisiwe kipya kabisa. Kikwembe kipya kina wanga wa kiwandani unaokikaza kama karatasi. Kifuliwe mara mbili tatu kwanza, ndipo kitakaposhika fundo.

3. Kisichakae. Kiinueni mbele ya jua. Ikiwa nuru yapita kama katika chekecheo, au pindo lapasuka mkilivuta kwa nguvu, kikateni kiwe nepi. Mtoto wa kilo 12 si wa kuwekwa katika nguo iliyokwisha kuchoka.

4. Kiwe kirefu cha kutosha. Pande la yadi mbili, karibu mita 1.80, huwafaa wengi. Lakini mama mnene, au mwenye mtoto mkubwa, na akate yadi mbili na nusu. Fundo likifungwa kwa ncha fupi za vidole viwili halina amani. Ncha zipite urefu wa kiganja.

Kwa mtoto mzito kikwembe kimoja hakitoshi. Akina mama wengi hufunga viwili, nao wana haki. Cha kwanza, kilicho kipana, humfunika mtoto toka kwapani hata nyuma ya magoti. Kabla ya kukikaza, mama apeleke mkono nyuma, asukume pindo la chini liingie chini ya makalio ya mtoto, kati ya mtoto na mgongo wake mwenyewe. Pindo hilo ndilo kiti. Kisha avute pindo la juu kwa nguvu na kulifunga juu ya maziwa. Cha pili kikunjwe kiwe ukanda wa upana wa mikono miwili, kipite chini ya makalio ya mtoto na juu ya nyonga za mama, kifungwe mbele kiunoni. Kile cha kwanza humzuia mtoto asianguke nyuma. Hiki cha pili ndicho kinachobeba kilo zote. Anayefunga cha kwanza tu huubeba mtoto wake kwa kifua, akakosa hata pumzi ya kupanda mlima.

MBELEKO YA KUSHONWA

Siku hizi mijini twaona mbeleko za kushonwa, zenye mikanda ya mabega na ya kiuno. Wengine huzidharau kuwa ni mambo ya Wazungu, wengine huzitamani kwa sababu iyo hiyo. Wote wawili na wasikie habari hii. Katika miaka ya 1960 muuguzi mmoja Mmarekani, Ann Moore, alikwenda Togo kufanya kazi pamoja na Peace Corps. Huko aliwaona akina mama wakiwabeba watoto kwa nguo mgongoni, na watoto wakitulia. Aliporudi kwao na kuzaa, alitaka kumbeba mtoto wake vile vile, lakini nguo ilimteleza, kwa kuwa hakuzoea. Ndipo mama yake, Lucy Aukerman, akamshonea mfuko wenye mikanda. Mwaka 1969 walipata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wao, wakauita Snugli. Mbeleko nyingi zenye mikanda zilizouzwa baadaye huko Marekani zilifuata njia hiyo. Basi chombo hiki kinachorudi kwetu kwa bei kubwa kilijifunza kazi yake katika migongo ya mama wa Kiafrika.

Hatusemi kwamba ni kibaya. Chafaa hasa kwa yule asiyejua kufunga kikwembe, kwa baba mwenye kifua kipana, na kwa mama ambaye fundo la kifuani humwumiza. Lakini kabla ya kutoa franga zenu, mpelekeni mtoto mwenyewe dukani, mkamjaribu humo. Mbeleko nyingi zimeshonwa kwa ajili ya mchanga: kiti chao ni chembamba, na mgongo wao hufika mbavuni tu mwa mtoto wa miaka miwili. Angalieni kwamba kiti chafika magotini, na kwamba mgongo wafika mabegani mwake. Mkanda wa kiuno uwe mpana na mnene. Kama hakuna mkanda wa kiuno, msinunue kwa mtoto mzito. Fungeni na kufungua kila kifungo mara kumi. Tazameni mishono pale mikanda inaposhikana na nguo, kwa kuwa hapo ndipo inapoachia; katika mbeleko ya mtumba tazameni mara mbili. Na kibandiko chake kikitaja kilo za mwisho, ziaminini.

Mwenye cherahani na kitambaa kigumu cha pamba aweza pia kujishonea. Lakini asione haya kurudia mshono mara tatu.

NANI ABEBE?

Sasa twafika kwenye neno lililo zito kupita mbeleko yenyewe. Nendeni katika kijiji chochote saa nne asubuhi, wakati wanafunzi wako darasani. Mtamwona msichana wa miaka minane, na mgongoni pake mdogo wake wa miaka miwili. Msichana wa miaka minane ana kilo 25 hivi. Mdogo wake ana 12. Abeba basi karibu nusu ya uzito wake mwenyewe! Ni baba gani, mwenye kilo 70, akubaliye kushinda na kilo 34 mgongoni tangu asubuhi hata jua kuchwa, kisha aambiwe kwamba anacheza tu?

Hatukatazi dada kumpenda mdogo wake. Amshike mkono, acheze naye, amwimbie, amkalishe mapajani. Amwinue kwa kitambo kidogo, ikiwa lazima. Hivyo ndivyo mtoto ajifunzavyo kuwa mtu. Lakini mbeleko hata iwe njema namna gani haiwezi kuugeuza mgongo wa mtoto kuwa mgongo wa mtu mzima. Na saa za shule zikipita hazirudi. Msichana aliyeachishwa darasa la tatu ili ambebe mdogo wake, mdogo huyo atakapojua kutembea, hatalikuta darasa lake likimngoja.

Mtasema: « Na mama afanye nini? Ana shamba, ana maji, ana soko. » Ni kweli, wala hatumtwiki mama mzigo mwingine. Twauliza tu: katika nyumba kuna migongo mingapi ya watu wazima? Katika msitu wa Ituri wako Waefe. Mwaka 1987 wataalamu watatu, Tronick, Morelli na Winn, waliandika habari za watoto wao. Waliona kwamba mtoto wa majuma 18 hushikwa na watu wengine zaidi kuliko na mama yake: shangazi, bibi, jirani, baba, wakimpokea kwa zamu. Watu wa msituni hawana mbeleko zenye vifungo, lakini wanajua kwamba mtoto mmoja ni kazi ya wengi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Na wewe, baba, unaogopa nini? Unaogopa kuchekwa njiani? Ukibeba gunia la mihogo la kilo 50 watu hukusifu kwa nguvu zako. Ukimbeba mwanao wa kilo 12 mpaka sokoni, hali mama yake amebeba mboga, heshima yako itapungua kwa kiasi gani? Yeyote atakayekucheka jumatatu, alhamisi mkewe atamwuliza kwa nini yeye hafanyi vile.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Mwisho twawakumbusha machache, kwa kuwa mtoto huyu mkubwa ana mikono mirefu na haogopi kitu.

Msipike penye mbabula au moto wa kuni na mtoto mgongoni; mkiinama, naye huinama, na mkono wake hufika sufuriani. Msimpe mgongoni kipande cha muhogo, njugu au mfupa; akipaliwa hamwoni. Mkiokota kitu, kunjeni magoti, msiinamishe mgongo, asije akachomoka kichwani. Mwenye kumbeba mtoto mzito asitwikwe tena bidoni au fungu la kuni. Afadhali safari mbili kuliko mgongo mmoja uliovunjika. Juu ya pikipiki msijidanganye: kikwembe humshika mtoto asiteleze, hakimlindi mkianguka.

Mama mwenye mimba asikaze fundo juu ya tumbo, na tumbo likiisha kukua amwachie mtu mwingine kubeba. Aliyezaa kwa kupasuliwa amwulize muuguzi kwanza. Kwenye jua kali mfunikeni mtoto kichwa, mpumzike kivulini, mumpe maji. Na baada ya kila saa moja hivi mshusheni, aende, anyoshe miguu. Nanyi mnyoshe migongo yenu.

Basi, wazazi wapenzi, jioni ya leo kifungueni kikwembe mlichozoea, mkitazame juani, mkipime urefu. Kisha mtazameni yule anayekifunga kila asubuhi, mpime na miaka yake. Ikiwa nguo ni njema na mgongo ni wa mtu mzima, mtoto atalala njia nzima na mama atafika sokoni bila kuugua kiuno. Ikiwa nguo ni njema lakini mgongo ni wa msichana wa miaka minane, badilisheni mgongo, na kesho asubuhi kengele ya shule imkute mlangoni mwa darasa.